Maduka mawili, la tatu njiani: ninunue programu gani ya hesabu?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka la vifaa vya ujenzi Majengo hapa Dodoma tangu 2015, na mwaka juzi nilifungua la pili Nzuguni. Mungu akijalia, mwaka huu nafungua la tatu Ihumwa. Wafanyakazi tuko nao kumi na mmoja. Mauzo yanaandikwa kwenye kaunta buku, jioni mpwa wangu anayaingiza kwenye Excel. Nimesajiliwa VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, na kila duka lina mashine ya EFD ya kutoa risiti za kodi. Shida yangu ni kwamba mauzo nayaona makubwa ila pesa siioni, na stoku haikai sawa hata siku moja. Kuna kijana wa Nzuguni namshuku. Kampuni moja ya Dar imenipa bei ya mfumo: milioni sita na nusu, halafu milioni moja na laki mbili kila mwaka. Wanasema unafanya kila kitu. Shemeji yangu anasema nisitupe hela, ataniwekea Tally ya bure kutoka kwenye flashi. Mwanangu aliye chuo anataka nitumie programu ya simu. Nichukue ipi? Na je, itanisaidia kumkamata huyo kijana?"

Dada yangu, asante kwa kuandika kwa kirefu. Wengi huniuliza programu nzuri ni ipi, kama mtu anayeingia duka la dawa na kuomba dawa nzuri bila kusema anaumwa wapi. Wewe umesema unapoumwa, tena mara mbili: pesa huioni, na stoku haikai sawa. Hayo ni maradhi mawili. Umeyaunganisha na huyo kijana wa Nzuguni, nami nitakuomba uyatenganishe kwanza kabla hujatoa hata shilingi.

Nianze na pesa. Duka linaweza kuuza vizuri, likapata faida ya kweli, na droo ikabaki tupu bila mtu yeyote kuiba. Ukifungua tawi la pili unajaza rafu mara mbili. Zile bati zilizosimama Nzuguni ni pesa yako, ila imegeuka bati. Mafundi na wakandarasi wanaokopa "hadi nilipwe awamu" wanashika pesa yako nyingine. Halafu kuna VAT. Ukiuza bidhaa kwa 118,000 na VAT ikiwa ndani, 18,000 si yako. Umeishikia serikali tu, na kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata unatakiwa uwe umewasilisha ritani na kulipa kinachobaki baada ya kutoa VAT uliyolipa kwenye manunuzi. Nimeona wafanyabiashara wazuri wakinunua mzigo mpya kwa hiyo 18,000, kisha tarehe 18 wanakimbia kukopa. Mwizi hayupo hapo. Kilichokosekana ni karatasi moja inayoonyesha pesa imekaa wapi.

Kisha kuna gharama halisi ya bidhaa, na hapa ndipo Excel ya mpwa wako inapokudanganya bila yeye kukusudia. Chukua saruji, kwa mfano wa namba nitakazotunga, na tuseme VAT tumeshaitoa kwenye bei zote. Una mifuko 60 iliyobaki, kila mmoja ulikugharimu 15,200 hadi kufika dukani. Unaleta mingine 200 kwa 14,900, lakini lori kutoka Dar na vibarua wa kushusha wanaongeza 1,200 kwa mfuko, kwa hiyo kila mmoja umefika kwa 16,100. Wastani wa mifuko yote 260 ni kama 15,892. Unauza 16,500. Faida yako kwa mfuko ni kama shilingi 608. Kama Excel inachukua bei ya ankara peke yake, yaani 14,900, inakuambia umepata 1,600. Unakaa ukijiona una faida ya 1,600 kumbe unaishi kwa 608, na hiyo 608 ndiyo ilipe pango, mishahara, umeme na mifuko inayopasuka. Ukiniuliza pesa imeenda wapi, sehemu kubwa haikuwahi kuwepo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji yeyote wa programu liwe hili: je, inaweza kugawa nauli ya lori na ushushaji kwenye gharama ya kila mfuko? Na inapiga gharama kwa njia ipi? Zipo njia mbili zinazotumika sana. Moja ni wastani, kama nilivyofanya hapo juu. Nyingine ni ya kwanza kuingia kwanza kutoka, ambapo mifuko 60 ya zamani inahesabiwa kuwa imeuzwa kwanza na kukupa faida ya 1,300, halafu inayofuata inakupa 400 tu. Programu ya QuickBooks ya mtandaoni hutumia hii ya pili. QuickBooks ya kawaida ya kwenye kompyuta hutumia wastani. Tally inakuachia uchague kwa kila bidhaa. Zote ni halali. Kibaya ni kubadilisha katikati ya mwaka kwa sababu namba hazijakupendeza.

Sasa stoku. Watu wengi wanaamini programu "inajua" kilichopo dukani. Haijui. Inajua ulichoiambia. Inachofanya ni hesabu ya darasa la nne: kilichokuwepo, jumlisha kilichoingia, toa kilichouzwa. Ulikuwa na mifuko 140, ikaingia 200, ikauzwa 187, programu inasema 153. Mtu anaingia stoo anahesabu 149. Hiyo minne iliyokosekana ndiyo kazi yenyewe, na programu haiwezi kukuambia kama ilipasuka, ilikopeshwa bila kuandikwa, iliibwa, au ilipanda pikapu ya mwenye duka kwenda kwenye nyumba yake anayojenga.

Samahani kwa hilo la mwisho, lakini katika miaka niliyokaa kwenye kazi hii, anayechukua mali nyingi zaidi bila kuandika mara nyingi ni mwenye mali. Anapita jioni: nipe mifuko sita, nipe rangi ndoo mbili, nitaandika kesho. Kama unajenga mahali sasa hivi, jiulize kwanza. Kuchukua si kosa, ni mali yako. Ila lazima kuandikwe kama matumizi ya mwenye mali, la sivyo kijana wa kaunta ndiye atakayebeba lawama ya saruji iliyoko kwenye msingi wako.

Upungufu mwingine unatengenezwa na vipimo. Nondo unanunua kwa tani, unauza kwa kipande. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa gramu 888 kwa mita, na ikiwa na mita 12 kamili inafika kilo 10.66. Ugawe tani moja kwa hiyo kilo 10.66, unapata vipande 93 hadi 94. Nimekuta duka ambalo mtu aliyeweka mfumo aliandika tani moja ni vipande 96, kwa sababu ndiyo namba aliyoisikia mahali. Walikuwa wanaingiza tani sita kwa mwezi. Kila mwezi mfumo ukasema nondo 12 zimepotea. Hazikupotea, hazikuwahi kufika. Na ukipiga kila kipande kwa shilingi 25,000, hiyo ni laki tatu kwa mwezi ambazo mtu asiye na kosa angekatwa kwenye mshahara. Misumari ni hivyo hivyo: katoni inapimwa na boksi lake, unauza kwa kilo na nusu kilo, na kila mkono unaopima unazidisha kidogo. Weka kiwango cha upungufu unachokikubali kwa misumari, ukizidi hapo ndipo uulize.

Kuhusu huyo kijana. Sikuambii hana hatia, simjui. Nakuambia namna wizi wa duka la vifaa unavyoonekana ukiwa na programu iliyowekwa vizuri, maana ukiijua namna hiyo utaacha kubahatisha. Mchezo mmojawapo wa kawaida ni wa mabati. Mteja analipa bei ya geji 28, anachukua geji 28, lakini kwenye kitabu inaandikwa geji 30, ambayo ni nyembamba na ya bei ya chini. Tofauti inaingia mfukoni. Pesa ya droo italingana kabisa na kitabu, hivyo ukihesabu pesa tu hutaona kitu milele. Utaona siku ukihesabu bati kwa geji: za 28 zimepungua 12, za 30 zimezidi 12. Namba mbili zinazofanana, moja pungufu, nyingine zaidi. Ukiona pacha huyo, kuna ubadilishaji. Ila hata hapo usikimbilie polisi, kwa sababu kijana mgeni asiyejua kutofautisha geji kwa mkono anafanya kosa lile lile bila kupata senti. Anayekosea kwa kutojua hukosea pande zote mbili, siku nyingine 30 inaandikwa 28. Anayeiba hukosea upande mmoja tu.

Nina sababu ya kusisitiza hili. Huko Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 waliokuwa wakiendesha ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani kwa wizi na hesabu za uongo kwa sababu mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon ulionyesha kuwa pesa zimepungua kwao. Mfumo ndio uliokuwa na hitilafu. Wengine walifungwa, wengine waliuza nyumba kulipa pengo ambalo halikuwepo. Mwaka 2024 bunge lao lililazimika kutunga sheria ya kufuta hukumu hizo. Basi mfumo wako wa milioni sita na nusu ukisema Nzuguni imepungua laki nne, hiyo ni sababu ya kwenda kuhesabu stoo, si ushahidi wa kumweka mtu ndani.

Lipo jambo jingine linalowachanganya watu wengi, la EFD. Risiti inayotoka kwenye programu yako ya hesabu si risiti ya kodi, hata iwe nzuri namna gani na iwe na TIN yako juu. Risiti ya kodi ni ile ya mashine ya EFD, au ya mfumo wa VFD uliokubaliwa na Mamlaka ya Mapato, TRA, ambapo programu yenyewe inaunganishwa moja kwa moja na kutoa risiti ya kodi bila mashine ya pembeni. Muuzaji akikuambia "yetu imeunganishwa na TRA," mwambie auze kitu cha shilingi elfu moja mbele yako, kisha hakiki ile risiti kwenye tovuti ya TRA kwa namba yake ya uthibitisho. Ikionekana, amesema kweli.

Kama programu haijaunganishwa, bado unaweza kuishi nayo vizuri, ila mauzo yanapigwa mara mbili, kwenye mashine na kwenye programu. Kero hiyo ina faida yake. Kila usiku kila duka linatoa ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku, kutoka kwenye mashine. Ilinganishe na mauzo ya siku kwenye programu, duka kwa duka. Zikipishana, muulize mtu usiku ule ule akiwa bado anakumbuka. Ukingoja mwisho wa mwezi, kila mtu atakuwa amesahau, na asiyesahau hatasema.

Sasa nichukue hizo njia tatu ulizotajiwa, nianze na nyepesi. Programu ya simu ya mwanao si mbaya. Kwa genge, saluni au duka moja la mtu mmoja, ningeipendekeza bila kusita. Wewe una watu kumi na mmoja na stoku inayohama kutoka Majengo kwenda Nzuguni. Unahitaji kila mtu awe na nywila yake, keshia asiweze kufuta mauzo, na uhamisho wa bidhaa uandikwe unapotoka na unapopokelewa. Programu nyingi za simu hazifiki hapo. Mshukuru mwanao, mwambie hiyo atumie kuwakumbusha mafundi madeni yao.

Tally ya flashi ya shemeji, kataa kwa upole. Mbali na kwamba programu za kompyuta zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya nchi yetu ya mwaka 1999, nakala zilizovunjwa hukupa nafasi ya kuingiza virusi kwenye kompyuta ile ile yenye madeni yako yote, na siku ikigoma hakuna wa kumpigia simu. Lakini shemeji hajakosea kuitaja Tally yenyewe. Inatoka Bengaluru, India, imekuwepo tangu miaka ya themanini, na imejengwa na watu wanaoyajua maduka kama yako. Hata mahali pa kuhifadhia bidhaa inapaita Godown, neno ambalo hapa kwetu hakuna anayehitaji kutafsiriwa. Inafanya kazi bila intaneti, inakubali kipimo cha kununulia na kipimo cha kuuzia kwa bidhaa moja, na mtu akishazoea vitufe vyake anauza haraka kuliko anayetembeza kipanya. Nyingine ni kwamba mhasibu anayeijua hutamtafuta kwa tochi mjini hapa, wenye vyuo vya CBE na UDOM. Udhaifu wake ni Kiingereza kwenye skrini, na kuunganisha matawi. Ndani ya duka moja, kompyuta tatu zinaongea vizuri. Ukitaka Ihumwa waone stoku ya Majengo sekunde hii hii, inahitaji fundi, intaneti inayotulia, na uvumilivu.

Kama bajeti ndiyo inayokusukuma kwenye flashi, zipo za bure za halali. Manager ya kwenye kompyuta ni bure na ina stoku. GnuCash nayo ni bure na safi kwa uhasibu, ila haisimamii stoku, hivyo haikufai. ERPNext na Odoo ni mifumo mikubwa zaidi. Odoo ya bure haina uhasibu kamili, ule uko kwenye toleo la kulipia, na yote miwili inataka mtu wa kuiweka na kuitunza. Ningempeleka huko mteja wa kiwanda cha alizeti Singida, ambaye tani ya mbegu inaingia na kutoka vitu viwili, mafuta na mashudu, na gharama inabidi igawanywe baina yao. Wewe hutengenezi kitu, unanunua na kuuza. Usilipie mtambo usiouhitaji.

Tunabaki na kampuni ya Dar. "Unafanya kila kitu" ni maneno ya sokoni, hayana uzito. Usiwaache wakuonyeshe onyesho lao, kwa sababu kwenye onyesho kila mfumo unauza soda mbili na kutoa risiti nzuri. Waambie waje dukani, siku hizi treni ya SGR imeondoa kisingizio cha umbali, halafu uwape mteja huyu:

Fundi amefika Nzuguni saa nne asubuhi. Anataka saruji mifuko 30, nondo za 12 vipande 14, na misumari ya inchi nne kilo mbili na nusu. Nzuguni kuna mifuko 18 tu, hivyo 12 itatoka Majengo. Analipa nusu kwa Lipa Namba, nusu anakopa hadi Ijumaa. Kesho yake anarudisha nondo nne, na risiti ya EFD ilishatoka. Katikati ya yote hayo, umeme unakatika.

Kaa kimya uangalie. Mifuko 12 ya Majengo imepungua Majengo, au imepungua Nzuguni na kuacha namba hasi? Deni la fundi linaonekana kwa jina lake, pamoja na tarehe ya Ijumaa? Pesa ya Lipa Namba imeingia kwenye akaunti yake, au imechanganywa na ya droo? Hili la mwisho usilipuuze. Pesa ya simu ikichanganywa na ya mkononi, jioni hakuna hesabu itakayokubali, na mtu akitaka kuiba hapo ndipo mlango ulipo. Nondo nne zilizorudi zimeingia stoku na VAT yake imerekebishwa? Umeme uliporudi, mauzo yapo au yamepotea? Halafu waombe keshia abadilishe bei ya bati baada ya kuuza. Mfumo mzuri unamkatalia, au unaandika nani alibadilisha, saa ngapi, kutoka bei gani kwenda bei gani. Mfumo unaofuta bila kuacha alama, usiuchukue hata kwa bure.

Wakifaulu hayo kwa dakika arobaini, nitakuwa wa kwanza kukuambia hiyo bei si mbaya, hasa kama skrini ni ya Kiswahili na VFD imo ndani. Wakianza kusema "hiyo tutaiongeza," hiyo haipo. Waulize pia vitu vitatu vya mkataba. Duka la tatu limo kwenye bei au litadaiwa peke yake? Data zangu zinakaa wapi, na naweza kuzitoa zote kwenda Excel mwenyewe bila kuwaomba? Sheria ya usimamizi wa kodi inakutaka utunze kumbukumbu miaka mitano, sasa kama siku ukiacha kulipia wanakufungia mlango, kumbukumbu za miaka mitano unazitoa wapi? Na bei iwe kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma za humu nchini kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, hivyo anayekutajia dola akiwa Dar aeleze vizuri. Mwisho, wakupe duka moja la vifaa linalotumia mfumo wao, uende peke yako bila wao, umuulize keshia, usimuulize bosi.

Ukinilazimisha nichague kwa niaba yako leo, hivi ndivyo ningefanya. Mfumo wa Dar ukifaulu mtihani wa yule fundi, ningechukua huo, kwa sababu maduka matatu yanayohamishiana mzigo kila siku yanahitaji kuonana. Ukifeli, ningenunua Tally halali ya watumiaji wengi, nikaiweka Majengo, nikaajiri mhasibu mmoja wa kudumu, na Nzuguni wakaendelea na vitabu vizuri vinavyoingizwa kila jioni. Huo mshahara wa mhasibu utakusaidia kuliko tofauti ya bei kati ya programu mbili. Tena kwa watu kumi na mmoja tayari umevuka mstari: mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi anadaiwa tozo ya ufundi stadi, SDL, pamoja na PAYE, kodi ya mshahara, kwa mishahara inayozidi 270,000 na michango ya hifadhi ya jamii ya NSSF. Kama hakuna anayelishughulikia hilo, lishughulikie kabla ya programu.

Kosa kubwa zaidi kwenye kuhamia programu nimelifanya mimi mwenyewe, kwa hiyo nalisema bila kumsema mtu. Mteja wangu wa Kibaigwa alikuwa na haraka, msimu wa mahindi umefika, nikamkubalia aanze na stoku ya kukadiria: "weka magunia mia nane, tutarekebisha." Miezi saba tulirekebisha. Kila tofauti iliyotokea hatukujua kama ni ya leo au ni ya ile mia nane ya siku ya kwanza. Usianze bila kuhesabu. Chagua tarehe moja, mwanzo wa mwezi ni rahisi zaidi, funga duka siku moja kabla, hesabuni watu wawili wawili, mmoja anahesabu mwingine anaandika, na yule wa Nzuguni ahesabu Majengo. Siku hiyo hiyo andika kila deni la fundi na kila deni lako kwa wauzaji. Anza na duka moja. Endesha kaunta buku na programu sambamba kwa mwezi mzima, kisha ndipo Nzuguni. Ihumwa ifunguliwe moja kwa moja kwenye programu, isijue kaunta buku kabisa. Nunua UPS ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, na bakapu ya kila jioni ikae nje ya duka, si kwenye flashi iliyoning'inia kwenye kompyuta ile ile.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi. Ukipata barua ya TRA ya ukaguzi, au ukigundua VAT ya miezi ya nyuma iliwasilishwa vibaya, nenda kwa mhasibu aliyesajiliwa na bodi ya wahasibu, NBAA, ofisi zao kuu ziko hapa hapa Dodoma, usijaribu kuirekebisha ndani ya programu. Ukitaka kugeuza biashara kuwa kampuni kupitia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, muone kabla ya kuweka mfumo, kwa sababu mali na madeni itabidi yahamishwe. Na ukifikia hatua ya kumshtaki au kumfukuza mtu kwa upungufu wa stoku, mpate mtu wa nje ahesabu kwanza, na uzungumze na mwanasheria wa kazi.

Kwa sasa usimlipe mtu yeyote. Jumapili hii, Nzuguni ikiwa imefungwa, chukua mpwa wako na kipimo cha geji, mhesabu mabati tu: za 28 ngapi, za 30 ngapi. Linganisha na kitabu, kisha niandikie hizo tofauti mbili, na kwa kila moja useme imepungua au imezidi.